Karata Zilizochoka

Mama yake alimpa jina la Moselantja, mkia wa mbwa, na hakumpa kwa chuki. Watoto wawili waliomtangulia walikuwa wamezikwa nyuma ya zizi, na wakunga wakamshauri kwamba kifo hakiinami kuokota kitu cha aibu. Mkia wa mbwa nani ataujali? Ikawa kweli. Kifo kikampita, mtoto akakua, akawa msichana mtulivu mwenye vidole virefu ambavyo wenzake shuleni waliviita miguu ya buibui. Mama mwenyewe aliendelea kuitwa kwa jina la yule wa kwanza aliyekufa, MaKhauhelo, kama desturi ya Wabasotho ilivyo, na jina hilo akazikwa nalo.

Moselantja alikuwa na miaka tisa baba yake alipoangukiwa na mwamba machimboni Afrika Kusini, ng'ambo ya mpaka. Akarudishwa ndani ya sanduku ambalo familia iliambiwa isilifungue. MaKhauhelo alikuwa mjamzito. Aliyezaliwa baada ya msiba akaitwa Tseliso, yaani faraja, na faraja kweli akawa: mtoto mcheshi, mwenye vishimo mashavuni, ambaye hakuna jirani aliyeweza kumkasirikia mpaka jua likatua. Mama alikuwa akienda kupalilia mtama wa watu, na mtoto alibaki mgongoni kwa dada yake, amefungwa kwa blanketi. Moselantja ndiye aliyeliona jino lake la kwanza. Neno la kwanza alilotamka Tseliso halikuwa mama. Alisema Ausi, dada, na mpaka alipoota ndevu hakumwita dada yake kwa jina lingine.

Alipomaliza kidato cha tatu, Moselantja alikwenda Maseru kutafuta kazi. Wakati ule hoteli moja ya kilimani ilikuwa na kasino, na Jumamosi ilipofika magari yalikuwa yakipanga foleni kwenye daraja la mto wa mpaka kutoka Afrika Kusini, kwa sababu huko kwao serikali na makanisa yalikuwa yameharamisha kamari. Wakaja kuicheza kwetu. Hoteli ilitaka wasichana wenye mikono safi na akili ya hesabu, na Moselantja akachukuliwa. Alifundishwa kuchanga karata, kuzigawa, kukata kucha mpaka mwisho, kutopaka mafuta mikononi kabla ya zamu, na kupiga makofi mara moja kila anapoondoka mezani ili wote waone viganja vyake ni vitupu.

Akawa mgawaji wa meza ya ishirini na moja. Ni mchezo mwepesi kuueleza. Mchezaji anaongeza karata moja moja ili akaribie ishirini na moja bila kuipita, akishindana na nyumba, yaani kasino yenyewe. Kumi na picha zina thamani ya kumi, na ree ndiyo karata ya kupendwa kuliko zote. Karata zinatoka kwenye kisanduku, na ile inayofuata imechungulia mdomoni, mgongo juu. Anayeweza kuutazama mgongo huo akajua kama chini yake kuna kumi au hakuna, huyo hachezi tena kamari. Anavuna.

Ndiyo maana nyumba ilikuwa inaziogopa karata zilizoharibika kuliko inavyowaogopa wachezaji wenye bahati. Karata huchakaa kama viatu: jasho, vumbi, pembe iliyokunjika, doa la kinywaji. Mgawaji akihisi moja imeharibika, anatakiwa kuinua mkono na kusema, "Karata zimechoka." Msimamizi, mzee mmoja aliyeitwa kwa heshima Ntate Phafoli, anakuja na mpya na kuzichukua zile za zamani. Na katika meza zile wateja hawakuruhusiwa kabisa kugusa karata. Mkono pekee uliozishika ulikuwa mkono wa mgawaji.

Tseliso alipomaliza shule hakutaka machimbo, na dada yake hakutaka hata kulisikia neno hilo. Akamwombea kazi kwa Ntate Phafoli. Alihakikisha anafundishwa, akamshonea mwenyewe kizibao cha zamu, akampangishia chumba jirani na chake. Kijana alishika kazi haraka kupita wote. Vidole vilikuwa vile vile vya dada yake, na ulimi alikuwa nao wake: wateja walicheka wakiwa wanashindwa, wakarudi wiki iliyofuata kushindwa tena. Ntate Phafoli alipenda kusema kwamba wale wawili walitoka kiganja kimoja. MaKhauhelo naye, kijijini huko Mafeteng, kila aliyepita mbele ya mlango aliambiwa habari za mwanawe anayefanya kazi amevaa tai.

Jumamosi moja alasiri Moselantja alikwenda kumpokea mdogo wake ili akanywe chai. Mezani alikuwepo mteja mmoja mkubwa wa mwili, mfanyabiashara wa mbao aliyeitwa Vosloo, mtu wa adabu, aliyekuwa amezoea kukaa meza ya Tseliso. Moselantja akaweka kidole juu ya karata ya kwanza ili aitoe, na kidole kikashtuka. Mgongo wa karata ulikuwa umeinuka kidogo sana, kama kope za mtu anayejifanya amelala. Akaigeuza. Kumi. Iliyofuata ilikuwa bapa: tano. Nyingine bapa: mbili. Kisha ikaja iliyoinuka, akaigeuza, malkia. Ree ilipokuja ilikuwa imekunjwa upande wa pili.

Kama ni uchakavu ungeshika karata zote, kubwa na ndogo. Huu ulichagua.

Akamtazama Vosloo. Vosloo hakuwa anamtazama yeye wala karata zilizolala mezani. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa kisanduku.

Moselantja akainua mkono akasema karata zimechoka. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba cha pili. Ntate Phafoli akaleta mpya, akazichukua za zamani, na Vosloo akakusanya sarafu zake za plastiki, akasema amechoka na yeye, akaondoka.

Alimkuta Tseliso nyuma ya jiko, ameketi juu ya kreti, anakula andazi.

"Nionyeshe mkono."

"Wa nini, Ausi? Kucha nimekata jana."

"Nionyeshe gumba."

Akacheka, akamwonyesha gumba lililojaa mafuta ya andazi. Dada yake hakucheka, na polepole uso wa kijana ukabadilika.

"Tangu lini?"

"Ausi, usianze."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu Pasaka." Akaangusha kipande cha andazi kwenye karatasi. "Sasa we unamlilia nani? Pesa za Makaburu, wanaibiana Makaburu. Baba walituletea kwenye boksi kama spea ya trekta. Kuna aliyelia kwao?"

"Watakaolia ni wa kwetu, we mjinga. Jela ya Maseru imejaa Makaburu?"

Hapo akajieleza. Kulikuwa na msichana, Mookho, binti wa katekista, na tayari alikuwa na mimba. Baba yake alitaka ng'ombe wa mahari, na alitaka kabla tumbo halijaanza kusalimia watu kanisani. Vosloo aliahidi kumsaidia. Tseliso alikuwa na mpango wa kuacha akishamaliza mahari tu. Moselantja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aache siku hiyo hiyo, na kuhusu mahari watahangaika pamoja. Tseliso akaapa kwa kaburi la baba yao.

Haikupita miezi miwili akazikuta tena. Meza ile ile, Vosloo yule yule, kope zile zile zilizoinuka. Kwa mara ya pili akainua mkono na kusema karata zimechoka, na safari hii Ntate Phafoli alizipokea akamtazama usoni kwa muda, kama anayetaka kuuliza kitu, halafu akaacha. Wakati wa kushuka kilima kurudi nyumbani Moselantja alitembea nyuma ya mdogo wake. Aliwaza kugeuka, apande tena, amwambie mzee yote. Aliwaza hivyo mpaka mlangoni kwake. Kisha akaingia ndani akapika, akamgawia mdogo wake chakula kama kawaida, na yeye hakula.

Alichokuwa hajui ni kwamba karata zile hazikutupwa. Meneja, Mwingereza aliyeitwa Hartley, alizimwaga juu ya meza yake, akazipitia moja moja kwa kidole, akatenga zilizokunjwa na zisizokunjwa. Hakuhitaji mwalimu. Asubuhi moja kabla milango haijafunguliwa waliitwa wote wawili. Tseliso aliingizwa kwanza. Moselantja akakaa kwenye benchi kwenye ukumbi, akawa anajiambia kwamba vyovyote itakavyokuwa, atamwombea msamaha, atapiga magoti, atasema huyu bado mtoto, nikateni mimi mshahara.

Alipoitwa, Ntate Phafoli alikuwa amesimama karibu na mlango na hakumtazama. Tseliso alikuwa dirishani. Hartley alizungumza taratibu, bila kufoka. Alisema katika meza ile wateja hawagusi karata, kwa hiyo aliyezikunja ni mtu wa humu ndani. Alisema mdogo wako amekwisha kutueleza.

"Amewaeleza nini?" Moselantja aliuliza.

Akaambiwa. Kwamba aliyekuwa akizikunja ni yeye. Kwamba Vosloo ni mtu wake, na kwamba kila alipoona msimamizi anakaribia alikuwa anaomba karata mpya ili zile mbovu ziondoke mezani. Kwamba kijana alikuwa anajua siku zote, ila aliogopa kusema, kwa kuwa dada yake ndiye aliyemlea.

Moselantja akamgeukia. Tseliso alikuwa anatazama viatu vyake. Alipokuwa mdogo, akivunja chungu au akilisahau zizi wazi, dada yake hakuwa na haja ya kumpiga. Alikuwa ananyamaza tu, anamtazama, mpaka mtoto mwenyewe aseme, Ausi, ni mimi. Haikushindikana hata siku moja. Sasa akafanya vile vile. Akanyamaza, akamtazama, akampa muda. Nje mtu alikuwa anafagia ngazi. Gumba la Tseliso likawa linasugua mshono wa suruali, na uso haukuinuka.

"Sema neno, mwanangu," Ntate Phafoli alimwambia Moselantja kwa Kisotho, karibu kwa kumbembeleza. "Neno moja tu."

"Sina neno, Ntate."

Baadaye watu wachache waliopata kujua walimuuliza kwa nini hakujitetea, na alizoea kuwajibu kwamba alimfikiria Mookho na mimba yake, alimfikiria mama. Lakini hayo aliyafikiria baadaye. Pale ofisini hakufikiria chochote. Kitu kilikatika ndani yake, na kilipokatika aliona hakuna kilichobaki cha kukipigania.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hili aliyelichuma hakulionja. Tseliso alibaki kazini, akasifiwa kwa kusema kweli dhidi ya damu yake. Vosloo hakuonekana tena upande wetu wa mto. Moselantja alipelekwa mahakamani, akahukumiwa, akaingia jela ya wanawake, akawa anashona sare za wafungwa. Dereva mmoja wa hoteli ambaye alikuwa ameshaanza kuzungumza na wajomba zake juu ya ndoa aliacha mazungumzo hapo yalipofikia. Tseliso alikuja getini mara moja, na mfuko wa machungwa. Akamwachia askari wa kike, akaondoka bila kuomba kumwona. Moselantja aliwagawia wenzake yote, na maganda akayafagia yeye.

Alipotoka hakuwa na pa kwenda ila nyumbani. Ilikuwa baridi, theluji imekaa juu ya milima, na MaKhauhelo alikuwa amesimama mlangoni amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Hakumzuia kuingia. Alimwacha aweke mzigo wake chini, akampa maji ya kunawa, ndipo akasema.

"Nilikupa jina la mbwa ili kifo kikupite. Sikujua kumbe jina hilo nimelipatia mwili." Akakohoa. "Ungekufa njaa ningekulilia. Lakini kumfundisha mtoto wangu wizi? Mtoto niliyekupa mikononi? Angefungwa na yeye, ningebaki na nani mimi?"

Moselantja alifungua kinywa. Juu ya kabati palikuwa na picha ya Tseliso na Mookho siku ya harusi, na kichanga kimelazwa kwenye mikono ya MaKhauhelo, na MaKhauhelo ndani ya picha ile alikuwa anacheka kwa namna ambayo binti yake hakuwahi kuiona tangu baba azikwe. Moselantja akafunga kinywa. Akauliza kama kuni zipo.

Wakaishi hivyo miaka kumi na zaidi. Alilima shamba la mama, akamtekea maji, akamkorogea uji mchachu aliokuwa anaupenda. Msimu wa kukata manyoya ya kondoo ukifika alikwenda bandani kuyachambua, laini huku, magumu kule, na wenye kondoo walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. MaKhauhelo hakuwa mtu katili. Aliongea na binti yake mambo ya mvua, ya kuku, ya majirani. Lakini kila alipotoka, hata kwenda kisimani tu, alichukua kijikoba chake cha pesa akakifunga kiunoni chini ya blanketi. Zamani kilikuwa kinaning'inia msumarini. Msumari ulibaki ukutani mtupu, na Moselantja alifagia chini yake kila asubuhi.

Tseliso alihamia kasino kubwa zaidi, mbali kabisa, ng'ambo ya mpaka. Alituma bati la paa, alituma redio, akaja Krismasi mbili tatu na watoto wake. Akija, Moselantja alikuwa na kazi bandani au kwa jirani. Wakikutana uani alimsalimia, naye akaitikia, na wote wawili wakatazama pembeni.

Kifua cha MaKhauhelo kilianza kumsumbua mwaka wa ukame, kikamlaza. Moselantja akampelekea habari mdogo wake, naye akajibu kwamba anakuja mwisho wa wiki. Mgonjwa alikuwa amekonda mpaka Moselantja alikuwa anamnyanyua peke yake, kumwogesha na kumgeuza. Mchana mmoja, baada ya kubadilishwa nguo, MaKhauhelo alimshika mkono akauzuia.

"Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na sitaki kwenda nalo," mama alisema. Pumzi ilikuwa inamkata kila baada ya maneno machache. "Lile ulilomfanyia mdogo wako. Nimekusamehe. Nimemwambia Mungu naye akusamehe. Umenitunza vizuri. Usiendelee kujitesa."

Upepo ulikuwa unalitikisa bati juu yao. Moselantja aliutazama mkono ulioshika wa kwake, mishipa imetokeza, ngozi imelegea. Angeweza kusema wakati ule. Sentensi moja ingetosha, na mama alikuwa bado na akili zake timamu. Lakini mgonjwa alikuwa ametoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho, na uso wake ulikuwa umepata amani kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda mlima. Nani angembebesha mwingine?

"Asante, mama," akasema.

MaKhauhelo alifariki kabla ya Tseliso kufika.

Alikuja na gari, na mke, na ng'ombe wa kuchinja. Aliongea vizuri kaburini, watu wakalia. Walipokwisha kunawa mikono na kuanza kula, alimfuata dada yake nyuma ya zizi, alikokuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Ausi."

Akaendelea kusugua.

"Aliniulizia?"

"Kila siku."

"Alisema nini mwishoni?"

"Alinisamehe," Moselantja alisema.

Tseliso hakuelewa kwanza. "Alikusamehe kosa gani?"

"Lako."

Alikaa chini, hapo hapo kwenye samadi, na suti yake. Alilia kama mtoto, mabega yanaruka, na maneno yakamtoka vipande vipande: kwamba aliogopa, kwamba kila mwaka alisema mwaka huu nitamwambia mama, kwamba atasimama sasa hivi aseme mbele ya watu wote.

"Sasa utamwambia nani?" dada yake akamuuliza. "Aliyetakiwa kusikia tumemfukia asubuhi."

Lakini alisema. Si siku ile. Ni mwaka uliofuata, ukoo ulipokusanyika kuvua vitambaa vyeusi vya msiba. Nyama ilikuwa inatokota, pombe ya mtama imeshapita mara moja, na Tseliso akasimama akasema yote, kuanzia Vosloo mpaka ofisini kwa meneja. Alisema dada yangu hakukunja hata karata moja, nilizikunja mimi. Alipomaliza, watu walitazama vikombe vyao. Mookho alikuwa ameinamisha kichwa, na ilionekana habari hiyo kwake haikuwa mpya. Mjomba mkubwa akasafisha koo. Akasema mambo ya zamani hayo, marehemu alikwisha kuyamaliza kwa kusamehe, na chakula kinapoa. Shangazi mmoja akamgusa Moselantja begani akamwambia pole, na katika pumzi hiyo hiyo akamwomba chumvi. Wakala. Jioni mazungumzo yakawa juu ya ukame na bei ya mahindi.

Wageni walipoondoka, Moselantja aliosha vyombo, akavipanga, akafunga kuku. Kisha akaingia chumbani kwa mama yake, akaketi kwenye kitanda kilichokuwa hakilaliwi tena, akalia. Hakuwa amelia ofisini, wala jela, wala makaburini. Alilia kwa sauti, kwa muda mrefu, akimwita mama yake kwa majina yote aliyokuwa anamwita utotoni. Tseliso alikuwa uani anafunga mizigo kwenye gari. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama na mkono juu ya kitasa, akamsikia, na hakuthubutu kuingia.